Dhambi Iliyofumbiwa Macho: Pwani ya Kismayu baada ya Amri ya 1876

Neno kuvumilia lina sifa njema katika lugha yetu. Mvumilivu hula mbivu, ndivyo tunavyowaambia wanafunzi, na hakuna mwalimu asiyependa darasa lenye uvumilivu. Hata hivyo Kiswahili hakikuliacha neno hilo litawale peke yake. Mtu astahimilipo njaa au maradhi yake mwenyewe, twasema amevumilia. Lakini aonapo jirani yake anadhulumiwa, naye akanyamaza kwa kuwa dhuluma ile haimgusi, au kwa kuwa yampatia faida, hatusemi tena kwamba amevumilia. Twasema amefumba macho. Taabu ya kwanza ni yake mwenyewe, ya pili ni ya mwenziwe.

Wanazuoni wa Kikristo waliijadili tofauti hii tangu karne ya kwanza. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Korintho juu ya mtu mmoja aliyekuwa akiishi katika zinaa iliyojulikana na wote, hakumwelekezea yule mtu ukali wake wote. Sehemu kubwa aliielekeza kwa kanisa lililojua na kuridhika, akatoa mfano wa chachu kidogo inayoumua donge zima. Kuhani Eli, katika kitabu cha kwanza cha Samweli, hakunyang'anya sadaka za watu. Wanawe ndio walionyang'anya, na kosa lake yeye likawa kujua na kutowazuia. Katika kitabu cha Yoshua taifa zima lashindwa vitani kwa ajili ya nyara alizozificha mtu mmoja, Akani, ardhini katika hema yake. Mafundisho hayo yasema kwamba dhambi ikishajulikana na jamii na kuachwa, haibaki kuwa ya mtu mmoja. Hugeuka kuwa desturi, na katika desturi mkosaji haonekani tena.

Haifai kuijadili hoja hii kwa jumla, maana dhambi ya jumla haina mahali wala mwenyewe. Makala haya yataitazama dhambi moja, yaani utumwa, katika mahali pamoja, yaani pwani iliyoko kati ya mto Juba na Ras Kiamboni, pamoja na visiwa vinavyoikabili. Msomaji aweza kuuliza kwa nini tuulete mtazamo wa Kikristo katika pwani ambayo karibu watu wake wote ni Waislamu tangu enzi na enzi. Swali ni la haki. Jibu ni kwamba waliotangaza mbele ya ulimwengu kuwa watakomesha utumwa katika pwani hiyo walitangaza kwa jina la dini ya Kikristo, kisha wakapewa mamlaka, bunduki na mahakama za kutimiza waliyoyasema. Yafaa basi wapimwe kwa kipimo chao wenyewe, na si kwa kipimo kigeni.

Wasomaji walio mbali na Lamu huenda hawaijui sana pwani hiyo. Visiwa vya Wabajuni vimejipanga kama shanga toka Kismayu kuelekea kusini: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo vidogo, vikiwa vimetengwa na bara kwa mkondo mwembamba wa maji matulivu. Lugha ya wenyeji ni Kibajuni, ambacho wengine hukiita Kitikuu, lahaja ya kaskazini kabisa ya Kiswahili ukiiacha Chimwiini ya Barawa. Kazi zao zilikuwa uvuvi, ukataji wa boriti za mikoko, uundaji wa vyombo na kilimo cha bara. Jina lenyewe la Kismayu, wengi husema, lina asili ya Kiswahili: kisima cha juu. Na mkondo ule kati ya visiwa na bara, ambao ulimwokoa nahodha na mawimbi ya bahari kuu, ulikuwa njia ya biashara ya kila namna, pamoja na biashara ya watu.

Katika karne ya 19 mabonde ya mito Juba na Shebele yaligeuka kuwa ghala la nafaka la pwani ya kaskazini. Mtama, ufuta na pamba vilipakiwa Barawa, Merka na Mogadishu kupelekwa Uarabuni na Unguja. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono hiyo ikaletwa kwa jahazi toka Kilwa na mrima: Wayao, Wamakua, Wangindo, Wanyasa, Wazigua. Wataalamu wa historia ya Somalia hukadiria kwamba kati ya mwaka 1800 na 1890 watu baina ya 25,000 na 50,000 waliingizwa katika mabonde hayo. Si kabila moja wala tabaka moja lililonufaika. Utumwa ulikuwa umeenea katika miji ya pwani yote, na aliyekuwa hana mtumwa aliuza chakula, au chombo, au kamba kwa aliyekuwa naye.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Unguja, akishinikizwa na Sir Bartle Frere na balozi John Kirk, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Soko la Unguja likafungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa mahali pake jiwe la msingi la kanisa kuu la Waanglikana. Ni tukio linalosimuliwa katika vitabu vyote. Lisilosimuliwa sana ni kwamba wafanyabiashara waliiacha bahari wakashika njia ya nchi kavu. Makamu wa balozi, Frederic Elton, aliyetumwa kuichunguza njia ya kutoka Kilwa, alihesabu watumwa 4,096 waliopitishwa mbele yake toka tarehe 21 Desemba 1873 hadi 20 Januari 1874. Hao ni wa mwezi mmoja tu. Waliofika Lamu wakasukumwa zaidi kaskazini, kwa miguu, wakipita bara ya Wabajuni hadi Kismayu na Barawa.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo halikutarajiwa. Mwezi Oktoba 1875 Khedive Ismail wa Misri alituma manowari chini ya McKillop Pasha, Mwingereza aliyekuwa katika utumishi wake, naye akaziteka Barawa na Kismayu. Barghash alipaza sauti, Uingereza ikamlazimisha Khedive kuondoa askari wake, na mapema mwaka 1876 wakaondoka. Msaada huo ulikuwa na bei. Tarehe 15 Januari 1876 Sultani alitangaza kwamba utumwa umekomeshwa katika Benadir na wilaya ya Kismayu. Haikuwa amri dhidi ya biashara pekee. Ilikuwa dhidi ya utumwa wenyewe. Mwezi Aprili akaongeza amri za kuzuia misafara ya watumwa ya nchi kavu katika milki yake yote.

Tafadhali msomaji azitazame tarehe hizi kwa makini. Unguja na Pemba hali ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1897. Mombasa, Malindi na Lamu zilingoja hadi 1907. Kismayu, kwa maandishi, ilikuwa huru tangu 1876, yaani miaka 21 kabla ya Unguja na 31 kabla ya Mombasa. Ikiwa karatasi huweka watu huru, basi hapana mji wa Waswahili ulioutangulia mji huu.

Karatasi haikuweka huru mtu yeyote aliyelala usiku ule katika kibanda cha shamba. Mamlaka ya Sultani katika Kismayu hayakwenda mbali na gereza lake na askari wachache waliolilinda. (Neno hili gereza, ambalo zamani lilikuwa na maana ya ngome, wanaisimu hulitoa katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Walimu wa lugha waweza kuitafakari safari hiyo ya maana kwa wakati wao.) Watumwa waliendelea kununuliwa na kuuzwa nyuma ya mji. Ubalozi wa Uingereza ulijua, Sultani alijua, na manahodha walijua zaidi ya wote. Amri ilikuwa imekwisha fanya kazi iliyokusudiwa, nayo ilikuwa kumwondoa Mmisri.

Hapa ndipo tunapoona namna kufumba macho kulivyo na ustadi wake. Jambo baya likiwa bado ni halali, walio na dhamiri hupiga kelele wakitaka liharamishwe. Likishaharamishwa kwa maandishi na kuachwa kwa vitendo, kelele hukoma, maana ushindi umekwisha andikwa. Kwa hakika amri isiyotekelezwa ni mbaya kuliko kutokuwa na amri. Huwatuliza walio mbali wala haiwafikii walio karibu.

Watu wa mashamba hawakungoja. Tangu karibu na mwaka 1840 watoro walikuwa wamekwisha anza kukimbilia msitu wa mto Juba, nchi iliyokuja kuitwa Gosha, mahali penye mbung'o ambapo wafugaji hawakutaka kuingiza ng'ombe wao. Wazigua waliotoroka toka upande wa pwani wanasimulia hadi leo habari za mwanamke mwaguzi, Wanakhucha, aliyewaongoza watu wake wakitaka kurudi Uzigua kwa miguu, wakaishia kukaa Juba. Baadaye akatokea Nasibu Bundo, mtu wa asili ya Kiyao aliyekuwa mtumwa, akaviunganisha vijiji vingi vya watoro chini yake hata akaitwa sultani wa Gosha, akipatana au akigombana na Unguja, Wamisri, Waingereza na Wataliani kadiri ilivyompasa. Alifia kizuizini Mogadishu mwanzoni mwa karne ya 20.

Neno mtoro latustahili sisi walimu kulifikiria. Leo twaliandika katika daftari la mahudhurio bila ya kusita, likiwa na maana ya mtoto aliyekosa kuja shule kwa hiari yake. Katika karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyekimbia. Neno lilitokana na upande wa bwana: latazama mambo kutoka mlangoni pa nyumba iliyoachwa, halisemi lolote juu ya mahali alikokwenda aliyeondoka. Lugha nayo huweza kufumba macho kwa muda mrefu, hata baada ya wenyewe kuzinduka.

Ili kuona jinsi Wakristo walivyogawanyika juu ya watoro hawa, hatuna budi kushuka kusini hadi Mombasa, maana Kismayu ya wakati ule haikuwa na misheni, na serikali iliyokuja kuitawala Kismayu ilitokea Mombasa. Mwaka 1875 Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza kilianzisha Freretown chini ya W. S. Price, kuwa makao ya watu waliokombolewa baharini na manowari. Hao walikuwa huru kwa sheria. Lakini punde si punde wakaanza kuja wengine: watu wa mashamba ya Mombasa na Malindi, waliotoroka wenyewe, wasiokombolewa na manowari yoyote. Je, wapokewe? Wakuu wa misheni walikuwa wamewapa mabwana ahadi kwamba hawatawapokea. Sababu zao hazikuwa za kijinga. Sheria ya nchi iliutambua utumwa. Misheni ilikuwa mgeni. Vita vikizuka, watakaokufa ni wale walio dhaifu zaidi. Kazi njema ya miaka mingi ingeharibika kwa sababu ya kundi dogo.

Viongozi Waafrika wa Rabai, William Jones akiwa miongoni mwao, hawakuziona sababu hizo kuwa nzito. Jones alikuwa amewahi kuwa mtumwa mwenyewe. Alikombolewa utotoni, akalelewa Nasik katika Bara Hindi, akarudi Afrika ya Mashariki kuhubiri, akapewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885, na mwaka huo huo akafuatana naye katika safari ambayo Hannington hakurudi. Mtu wa namna hiyo hangeweza kumtazama mtoro mlangoni na kumwambia kwamba wakati wake bado. Rabai ikajaa. Watoro walilima, wakajenga, wakaoa, wakabatizwa, na orodha ikawa ndefu kuliko walivyopenda kujua wakubwa wa misheni.

Mwaka 1888 mabwana walipotishia kuivamia Rabai, George Mackenzie wa Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki alifanya uchunguzi, akakuta watoro zaidi ya 1,400 katika vituo vya misheni. Aliwalipa mabwana fidia kwa fedha za kampuni, za serikali na za marafiki wa misheni, na tarehe 1 Januari 1889 watu hao wakapewa hati zao za uhuru. Watu wengi wamemsifu Mackenzie, nami sioni ubaya wa kumsifu. Hata hivyo yafaa tuseme kwamba hakukuwa na fidia ya kulipwa wala hati ya kutolewa kama wale waliovunja ahadi ya wakubwa wao wasingalikwisha fungua mlango kwa miaka kadhaa. Na fidia yenyewe ilikwenda kwa aliyedhulumu. Aliyedhulumiwa alipewa karatasi.

Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoshika Kismayu mwaka 1891, na mwaka huo Uingereza na Italia zikakubaliana kwamba mto Juba uwe mpaka kati yao. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua mahali pa kampuni. Mkuu wa utawala mpya, Sir Arthur Hardinge, alishika msimamo wa kwenda taratibu: utumwa wa pwani, alisema, ni wa upole, umefungamana na sharia ya Kiislamu, na kuukomesha ghafla kutaleta njaa na fitina. Aliyempinga kwa nguvu zaidi alikuwa Askofu Alfred Tucker. Hoja ya Tucker haikuwa kwamba mabwana wote ni wakatili. Alikubali kwamba wengine walikuwa wapole. Hoja yake ilikuwa kwamba bendera ya taifa la Kikristo haiwezi kusimama juu ya mahakama inayomrudisha mtu kwa mwenye kumnunua, na kwamba mtumishi wa serikali hiyo atendaye hivyo anashiriki katika tendo lenyewe. Mwaka 1897 mwanasheria mkuu wa Uingereza, Sir Richard Webster, alikubali bungeni kwamba raia wa Kiingereza anayesaidia kumrudisha mtumwa kwa bwana wake anavunja sheria ya Uingereza. Tangu hapo maofisa waliogopa kuwarudisha watoro, lakini sheria ya kuukomesha utumwa katika pwani ya Mombasa ikangoja miaka 10 mingine.

Nisieleweke vibaya kuhusu ile hoja ya sharia. Uislamu wahimiza sana kuwaacha watumwa huru, wahesabu tendo hilo kuwa kafara ya makosa mengi, na wakataza kabisa kumtia Mwislamu utumwani. Walioitaja sharia kama kizuizi mara nyingi walikuwa maofisa wa Kizungu waliotafuta sababu ya kutofanya lolote. Kuna heshima ya kweli kwa dini ya watu wengine, na kuna heshima ya kujifichia.

Ng'ambo ya mto, upande wa Italia, mambo yalikuwa wazi zaidi. Mwaka 1903 msafiri Luigi Robecchi-Bricchetti, aliyetumwa na Chama cha Kupinga Utumwa cha Italia, alizunguka miji ya Benadir akihesabu. Alikuta kwamba karibu theluthi moja ya watu wapatao 6,700 wa Mogadishu walikuwa watumwa, na mamia wengine walikuwa Merka na Barawa. Jambo lililowaudhi zaidi wasomaji wake wa Ulaya halikuwa idadi hiyo. Lilikuwa ugunduzi kwamba mauzo na mirathi ya watumwa yaliandikwa rasmi chini ya maofisa wa kampuni iliyopeperusha bendera ya Italia, taifa lililokwisha kutia sahihi Mkataba wa Brussels wa 1890 dhidi ya utumwa, tena miaka michache baada ya Papa Leo wa 13, katika barua yake ya 1888, kuwataka Wakatoliki wote waupinge. Fedheha hiyo ilichangia kuiondoa kampuni mwaka 1905. Mapadri Watrinitari, ambao shirika lao lilianzishwa karne ya 12 kwa ajili ya kuwakomboa mateka, walipotaka kuingia Benadir mwaka 1904, utawala wa nchi yao wenyewe uliwawekea vikwazo, wakalazimika kuanzia upande wa Waingereza, karibu na Kismayu. Mkatoliki wa Italia alizuiwa na Mkatoliki wa Italia asije kukomboa watumwa, kwa hofu kwamba Waislamu wangeudhika. Sijui kama kuna mfano ulio wazi kuliko huo.

Msomaji asidhani kwamba mambo yaliishia hapo. Dhambi iliyozoeleka haifi ikifukuzwa mlango mmoja, hubadili jina. Mwezi Oktoba 1919, Gavana Edward Northey wa Kenya alitoa waraka wa kuwaagiza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Jubalandi ilikuwa bado chini ya Nairobi, ingawa waraka uliwalenga hasa wakulima wa bara. Maaskofu wa Uganda na Mombasa, pamoja na Dakta John Arthur wa Kanisa la Skotland, walitoa tamko. Walionya juu ya dhuluma itakayotokea, lakini wakaona kwamba ikiwa shuruti haiepukiki kwa muda, ni afadhali iwe ya kisheria na yenye mipaka kuliko kufichwa nyuma ya neno kuhimiza. Walikuwa watu wema. Walitaka kupunguza ubaya. Lakini Frank Weston, Askofu wa Unguja, aliliona tamko lao kuwa ni kulitia baraka jambo lisiloweza kubarikiwa, akaandika kijitabu kikali mwaka 1920 akisema hivyo waziwazi. Kwa upande wangu namwona Weston kuwa ndiye aliyekuwa na haki. Hao wengine walijadili kiasi cha chachu, yeye akasema chachu haina kiasi. Mwaka 1921 serikali ya London ililegeza agizo lile, na Weston hakuwa peke yake katika kulileta jambo hilo.

Mwaka 1925 Kismayu na Jubalandi zikakabidhiwa Italia. Watu wa Gosha, watoto na wajukuu wa watoro wale, wakawa sasa wanachukuliwa kwa nguvu kwenda kulima pamba na ndizi katika mashamba ya Wataliani. Mwaka 1933 Marcello Serrazanetti, aliyekuwa katibu wa chama cha Kifashisti huko, yaani mtu ambaye hakuna awezaye kumwita mpinzani wa ukoloni, aliandika kwamba kazi hiyo ya shuruti ilikuwa mbaya kuliko utumwa. Hesabu yake ilikuwa ya kikatili na ya kweli: mtumwa alinunuliwa, kwa hiyo kufa kwake kulikuwa hasara kwa bwana, mfanyakazi wa shuruti akifa, bwana shamba huomba mwingine kwa serikali bila ya malipo. Misheni ya Kilutheri ya Waswidi, iliyokuwa imefanya kazi Kismayu na bonde la Juba tangu mwanzo wa karne hiyo na kupata waumini wake wengi miongoni mwa watu wa Gosha, ilifukuzwa mwaka 1935. Vijiji vikabaki bila ya shahidi wa nje.

Somalia ilipata uhuru mwaka 1960, na kwa sheria raia wote wakawa sawa. Kwa mara nyingine karatasi ilikuwa safi. Katika maneno ya kila siku, hata hivyo, mtu wa Juba aliendelea kuitwa kwa nywele zake au kwa utumwa wa babu zake, na ndoa kati yake na koo za wafugaji ilikuwa nadra. Hakuna aliyeshtakiwa kwa jambo hilo, kwa maana halikuwa kosa, lilikuwa desturi.

Serikali ilipoanguka mwaka 1991, desturi hiyo ilionyesha bei yake. Watu wa Gosha walikuwa na ghala za nafaka, lakini hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwatetea. Makundi yaliyopigana yalipora ghala hizo kwa zamu, yakaua, yakabaka, na njaa ya mwaka 1992 ikawakuta mikono mitupu. Wabajuni nao, ambao si wazao wa watumwa wale bali ni wenyeji wa visiwa vyao, waliangukia katika shimo lile lile: katika nchi ambamo heshima ya mtu ilipimwa kwa ukoo wake, mvuvi wa Chula au Koyama hakuwa na mtu wa kumlilia. Nyumba na vyombo vyao viliporwa, na maelfu walikimbilia Kenya, wengi wakikaa katika kambi za Mombasa kama ile ya Jomvu. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, Kibajuni cha Chovai kilisikika zaidi katika pwani ya Kenya kuliko Chovai yenyewe. Taarifa za mateso hayo zilipofika nje, zilisomwa kama habari za vita vya koo, na kwa hiyo kama jambo ambalo watu wa nje hawalielewi na wala hawana budi kuliingilia.

Watu wa Gosha walitawanyika mbali zaidi. Marekani ilikubali kuwapokea wapatao 12,000 kutoka kambi za Kenya, na safari zikaanza mwaka 2003. Wengine walikuja Tanzania, wakapewa makazi Chogo, katika wilaya ya Handeni, na kufikia mwaka 2014 wengi kati yao walikuwa wamepata uraia. Kati ya hao wa Chogo walikuwamo wazao wa wale waliofuatana na Wanakhucha. Walifika Handeni, ambayo ni nchi ya Wazigua, wakiwa na Kizigua walichokihifadhi kando ya Juba kwa zaidi ya miaka 150, chenye maneno ya Kisomali ndani yake na maneno mengine ambayo wazee wa Handeni walikuwa wameyasikia kwa bibi zao tu. Wenyeji waliwaelewa bila ya mkalimani.